Kanja: safari ya kumtazamia mtoto shule

Mama yetu hakunituma Kanja kutembea. Alinituma kumrudisha mjukuu wake Mombasa, na nauli ya kurudi ya watu wawili alinitia mkononi kabla sijafunga mkoba.

Mdogo wangu ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya serikali huko Embu. Mumewe yuko bandarini Kilindini, na hupanda bara mara moja kwa mwezi. Binti yao ana miaka sita. Mwakani ataingia gredi ya kwanza, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Bibi anamtaka ashuke pwani, asome Kurani na hesabu chini ya paa moja. Mama yake hataki kutengana naye. Na katikati ya mvutano huo, pale pale Kanja, imefunguliwa shule mpya ya binafsi.

Nililala Nairobi usiku mmoja, na asubuhi nikapanda matatu ya Embu. Ukishapita Makutano, nchi hufunguka na kuwa maji matupu: mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo mifereji yake ilichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliotiwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Huo ndio mpishori tunaoupikia biriani harusini, na ni wachache kwetu wanaouliza ulitoka kwa jasho la nani. Baada ya mji wa Embu gari hushika njia ya Meru, kisha upande wa Runyenjes huiacha barabara kuu na kupanda kuelekea mlimani.

Kwetu pwani jina la Embu limechafuliwa na muguka. Mama mwenzangu atakumbuka Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku jani hilo, Kilifi ikafuata, na kesi ikafika mahakamani. Basi nilitarajia kuona muguka kila upande. Kumbe muguka ni zao la Mbeere, huko chini kwenye joto na ukavu. Kanja ni nchi ya kahawa na chai, udongo mwekundu, migomba na baridi inayoingia mifupani. Asubuhi ya pili mawingu yalipasuka na mlima ukaonekana wote, mweupe kileleni. Mtoto akanivuta ushungi ili nitazame kabla haujafunikwa tena. Aliniambia jina lake kwa Kiembu, kisha kwa Kiswahili chetu cha Mvita. Nikajiuliza huyu ndiye mtoto gani niliyetumwa kumwokoa.

Lakini hoja za mama hazikuwa za mzee anayeogopa bara tu. Yeye aliona kwa macho yake yaliyotokea Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na walimu wenzake, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walipozishawishi madrasa zipokee mafunzo ya watoto wadogo ya dini na ya dunia kwa pamoja. Kazi ile ilivuka hadi Zanzibar na Uganda. Kwa mama, kumwacha mjukuu mahali pasipo na hayo ni kumnyima kitu ambacho watu walikihangaikia. Nyumbani kwa mdogo wangu adhana husikika kwenye simu tu, na chuo cha mtoto ni safari ya Embu mjini kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe.

Shule ya msingi ya serikali iko karibu, na elimu yake haina karo tangu Januari 2003. Madarasa yamejaa, hata hivyo, na mdogo wangu, ambaye mwenyewe analipwa na serikali hiyo hiyo, alilisema hilo kwa aibu kidogo. Tukaenda kuitazama hiyo mpya.

Majengo ni ya mawe nusu na mabati nusu, rangi bado inanuka. Madarasa yanaishia gredi ya nne, kwa hiyo hakuna mtoto wake aliyewahi kufanya mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita. Haina matokeo ya kujivunia wala ya kuficha. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alitupokea kwa chai. Mdogo wangu aliomba kuona cheti cha usajili, kwani Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimruhusu mtu kuendesha shule bila usajili, kisha akauliza kama walimu wote wamesajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Cheti kilikuwa ukutani. Walimu wawili, akakiri, karatasi zao zilikuwa njiani. Kukiri kwake kulinipendeza kuliko cheti.

Bweni lilikuwa linajengwa. Mtoto wetu hatalala hapo, lakini nilitazama madirisha hata hivyo. Septemba 2024, huko Nyeri, wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha waliteketea bwenini, na tangu hapo sipiti bweni bila kutafuta mlango wa pili. Nikauona.

Likabaki swali lililotuleta. Shule nyingi za Embu na Meru zina mizizi ya misheni, Wakatoliki wa Consolata, Waanglikana, Wamethodisti. Na hata hii, isiyo ya kanisa, huanza siku kwa nyimbo. Je, mtoto atavaa mtandio? Wakati wa somo la dini ya Kikristo atakaa wapi?

“Hatujawahi kupata mtoto Mwislamu,” alisema mwalimu, “lakini hakuna tatizo, mama.”

Hapo mdogo wangu alitua kikombe. Alimweleza, kwa adabu, habari ya wasichana wa St Paul’s Kiwanjani, Isiolo, ng’ambo ya Meru. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu kuvaa hijabu. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu ombi halikufikishwa mbele ya mahakama kwa njia ipasavyo. Swali lenyewe likabaki bila jibu la mwisho, na kanuni za sare zikabaki shuleni. “Kwa hiyo, mwalimu, naomba ‘hakuna tatizo’ hilo liandikwe.”

Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo, akasema atazungumza na wenye shule.

Nilirudi Mombasa peke yangu. Mama hakunisemesha hadi magharibi ikapita. Nami nilimwambia ninavyoona: mtoto wa miaka sita anamhitaji mama yake kila usiku, na dini ya mtoto huanzia kwenye mkeka wa mama huyo.

Wiki ya pili barua ikaja kwa picha ya simu, yenye muhuri: mtandio mweupe unaruhusiwa, na wakati wa somo la dini mtoto atakaa maktaba na kitabu chake. Nikamsomea mama mara mbili. Aliuliza jambo moja tu: “Na nyama, wanachinja nani?”

Mdogo wangu alikuwa ameshaliuliza hilo. Siku za nyama mtoto atabeba chakula chake. Amelipa karo ya muhula mmoja, hakutaka kulipa ya mwaka ingawa angepunguziwa. Na ile nauli ya mtoto, mama amekataa kuipokea. Amesema niiweke mpaka Aprili.