Usiseme ni Nundu Tu

Jumamosi moja jioni kijana wangu wa miaka 9 aliteleza kwenye ngazi za jengo tunamoishi mtaani Umoja, Nairobi, akagonga kichwa juu ya sikio. Alilia kidogo. Nilimkanda nundu kwa kitambaa cha maji baridi nikamwambia mwanaume halii. Baada ya nusu saa alikuwa akicheza tena, nami nikarudia gazeti langu.

Saa mbili usiku alikataa ugali, akasema kichwa kinamwanga. Alitapika, nikalaumu chipsi za mchana. Alipotapika mara ya pili nilimwambia akalale.

Bahati yangu ni kwamba jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja kuomba chumvi. Alipoliona beseni aliuliza, "Jirani, mtoto huyu ameanguka leo?" Hakungoja nimalize kueleza. Tulimwamsha kwa shida, naye akaniita kwa jina la mjomba wake. Hapo miguu ilinilegea.

Tulikodi teksi hadi hospitalini. Picha ya kichwa ilionyesha damu ikijikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Daktari alinieleza kuwa mgonjwa wa namna hii huweza kuzungumza na kucheza kwa saa kadhaa huku ubongo ukizidi kubanwa. Alipasuliwa usiku ule ule.

Wazazi wenzangu, nundu nyingi hupona zenyewe. Lakini mkimbizeni hospitalini aliyezirai, anayetapika tena na tena, ambaye maumivu yanazidi, anayebabaika, asiyeamka vyema, aliyeshikwa na kifafa, aliyelegea mkono au mguu, mwenye mboni za macho zisizolingana, au anayetokwa na damu au majimaji puani au masikioni. Wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wasingoje dalili. Aliyeumia asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza, wala asipewe aspirini. Kulala si kosa. Hatari ni kutoamka.

Kijana wangu amerudi shuleni. Kila ninapomnyoa huliona lile kovu juu ya sikio, nikajiuliza ingekuwaje kama usiku ule jirani yangu angekuwa na chumvi yake.