Kalori za Githeri

Swali langu ni la mtu ambaye kazi yake imeshaisha. Nilipunguza kilo 17 kwa miezi 14, kutoka 83 hadi 66. Kwa urefu wangu wa mita 1.64, hiyo 66 iko ndani ya kiwango ambacho kliniki inakiita uzito wa afya, ingawa karibu na ukingo wake wa juu. Miezi minane imepita tangu nifike hapo na uzito haujasonga. Ushauri wa kupunguza uko kila mahali, hadi kwenye vibandiko vya nguzo za stima. Ushauri wa baadaye ndio sikuupata. Ukishafika, unaendelea kuhesabu kalori? Mpaka lini? Mpaka uwe shosho?

Naishi Kibugu, kaskazini mwa mji wa Embu, kule mashamba ya chai yanakoelekea msitu wa Mlima Kenya. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikarudi nyumbani, na sasa naandikia watu makala nikiwa nimeketi kwenye meza iliyo hatua sita kutoka jikoni. Mamangu anachuma majani chai tangu asubuhi. Jioni tunapakua kwenye sufuria moja, sahani sawa, yeye aliyepanda na kushuka mteremko siku nzima na mimi niliyesonga vidole tu. Hesabu hiyo mtu haihitaji digrii kuielewa.

Na sikuanza kupunguza kwa sababu ya picha za mtandaoni. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aligundulika na kisukari akiwa na miaka 41. Miaka miwili iliyopita alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kliniki, na siku moja nesi akaamua kutupima sote tuliokuwa kwenye benchi, wagonjwa na wasindikizaji. Sukari yangu ilikuwa juu kidogo. Si ugonjwa bado, aliniambia, lakini mko familia moja na mguu ule unauona. Hatuko peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya theluthi. Kwa hivyo ninapouliza kama niache kuhesabu, siulizi kuhusu suruali.

Kuhesabu kulinifaa, hilo niliseme mapema. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni huko Embu, nikaweka programu kwenye simu, na ndani ya wiki mbili nikajua mambo ambayo macho hayakuwa yameniambia. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na sukuma yetu ilikuwa inakaangwa kwa vijiko vitatu. Kijiko kidogo cha sukari kina 16. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, hiyo ni karibu 200 kabla hujataja maziwa. Gramu 100 za nduma iliyochemshwa zina karibu 140, na viazi vitamu vya uzito huohuo vina karibu 80, ilhali kwetu vyote huwekwa sinia moja na kuitwa chakula cha chai. Hakuna kitu nilichokiacha kabisa, hata chapo. Vipimo ndivyo vilivyobadilika.

Lakini namba hizi zimetoka wapi? Nyingi ni urithi wa Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani ambaye katika miaka ya 1890, huko Connecticut, alimfungia mtu ndani ya chumba kidogo kwa siku kadhaa. Mtu yule alikula, akalala, akaendesha baiskeli isiyokwenda popote, na joto la mwili wake likapimwa. Kalori ni joto tu: hii ya vyakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Kutokana na kazi yake tukapata kanuni inayotumika mpaka leo: gramu ya protini 4, gramu ya wanga 4, gramu ya mafuta 9. Kisha mwaka 1918 daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, akaandika kitabu kilichowafundisha watu wa kawaida kuacha kusema kipande cha mkate na kuanza kusema kalori mia za mkate. Yeye mwenyewe alikuwa amepunguza uzito mkubwa, na jibu lake kwa swali langu lilikuwa fupi: aliyewahi kunenepa atajichunga maisha yake yote.

Kanuni ya Atwater ni wastani mzuri, lakini ni wastani. Mwaka 2012 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi na kupima kilichoingia na kilichotoka. Gramu 28 za lozi, ambazo kwa kanuni zina kalori karibu 170, ziliupa mwili 129 tu. Mafuta mengine hubaki yamefungiwa ndani ya punje na kutoka nayo. Mtu yeyote aliyelelewa kwa githeri anajua jambo hili bila maabara. Mahindi mengine huingia mazima na kutoka mazima, na sitaeleza zaidi.

Githeri yenyewe ilinisumbua zaidi ya chakula kingine chochote. Nilipoandika jina lake kwenye programu nilipata majibu kadhaa yaliyowekwa na watumiaji, na la juu lilikuwa zaidi ya mara mbili ya la chini. Yote yanaweza kuwa kweli. Mamangu hana githeri moja. Kuna ya baada ya mavuno, maharagwe mengi kuliko mahindi. Kuna ya miezi ya ukame, mahindi yakiogelea na maharagwe ya kuhesabika. Kuna iliyokaangwa na vitunguu na nyanya, na kuna ile ya kuchemshwa tu, unaiongezea parachichi kwenye sahani. Kenya ina majedwali yake ya virutubishi vya vyakula, yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na FAO, na yamenisaidia kuliko programu ile inayojua kila aina ya mkate wa New York. Lakini hata jedwali haliwezi kujua leo mama ametia nini.

Wakati wa kupunguza, makosa hayo hayakunizuia. Nilikuwa nakula kalori 400 au 500 chini ya mahitaji yangu. Nikikosea kwa 150, bado niko chini, bado napungua. Pengo lilikuwa kubwa, na kipimo kilichopinda kidogo kililiona tu.

Kudumisha uzito ni kitu kingine, na hapa ndipo hesabu ilipoanza kunigomea. Kwa makadirio ambayo wengi huyatumia, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Sasa chukua mtu anayeongeza kilo moja kila mwaka, ile kasi ya polepole inayomfanya aliyekuwa mwembamba akiwa na miaka 25 kuwa na presha akifika 45. Gawanya 7,700 kwa siku 365. Unapata kalori 21 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha sukari na kitu juu. Mimi niliyeshindwa kujua githeri ina kalori ngapi kwa tofauti ya mia mbili, nitaionaje ishirini na moja? Mizani ya kupimia gunia la majani haiwezi kupima chumvi ya mchuzi. Miezi minane yote hii niliyokuwa najaza namba kila usiku, siamini kwamba namba ndizo zilizokuwa zikinishikilia pale pale kwenye 66. Hazina uwezo huo.

Upande wa matumizi nao una mambo yake. Jumamosi nikimsaidia mama kuchuma, simu ilikuwa inahesabu hatua zangu na kuniambia nimechoma kalori mia nne, kwa hivyo nina haki ya kula mia nne zaidi, kama salio la M-Pesa. Nilipokuwa nasoma kuhusu jambo hili nilikutana na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati ambayo watu hao hutumia kwa siku. Wanatembea mbali kuliko karani yeyote wa ofisini, lakini ukilinganisha miili ya ukubwa sawa, matumizi yao ya siku nzima hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaonekana mwili ukitumia zaidi huku, hubana kule. Kuchuma chai kuna faida nyingi kwa moyo na kwa sukari. Ila hakunipi kibali cha chapo mbili za ziada, na programu iliyoniambia hivyo ilikuwa inanijumlishia kitu ambacho mwili haukijumlishi hivyo.

Mamangu hajasoma hayo yote, na alifika kabla yangu. Yeye anaishi na mizani. Kila siku ya kuchuma anapeleka majani kwenye kituo, karani anayaning'iniza, uzito wa gunia unatolewa, na mama anasimama akiangalia namba kwa macho makali kwa sababu kilo moja ikipotea ni pesa yake. Usiku mmoja aliniona napima mukimo gramu kwa gramu, nikirudisha kijiko kwenye sufuria. Akaniambia kwa Kiembu, polepole, bila hasira, "Mami, majani yanapimwa kwa sababu yanauzwa. Wewe unajipima umuuzie nani?"

Nilimjibu kuhusu shangazi. Akanyamaza. Hakuwa anabisha kuhusu kisukari. Alikuwa anasema kuhusu sufuria. Kwetu chakula hupakuliwa na mwingine. Kwenye ruracio na kwenye mazishi, wanawake waliokesha wakipika ndio wanaokupimia mukimo, na wanapima kwa kukuangalia usoni. Kurudisha nusu ni kuwaambia kitu. Kukonda nako kuna tafsiri zake hapa: unaumwa, umekosana na mtu, ama mambo ya pesa ni mabaya, na kwa mtu aliyeacha chuo hiyo ya tatu watu wanaifikia haraka. Katika miaka hii miwili kuna sherehe nilizokwepa kwa sababu sikujua ningeandika nini kwenye simu jioni. Nilikuwa tayari kulipa bei hiyo wakati kulikuwa na kilo za kupunguza. Kuilipa maisha yote ili nijue namba ambayo hata si sahihi, hapo ndipo nilipoanza kusita.

Kuna wanaoendelea kuhesabu na wanaishi vizuri, na sina neno nao. Marekani kuna daftari la watafiti lililoanzishwa mwaka 1994, linalofuatilia maelfu ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzishikilia kwa mwaka mmoja au zaidi. Niliposoma tabia zao nilitafuta kwanza kuhesabu kalori. Wako wanaohesabu. Lakini yanayojitokeza kwa wengi wao ni ya kawaida sana: wanakula kiamsha kinywa, wanatembea karibu saa moja kwa siku, na walio wengi hujipima uzito angalau mara moja kwa wiki. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Badala ya kukisia kila kinachoingia, wanaangalia matokeo, na wanayaangalia mapema.

Kwa hivyo nimeifuta programu. Nimebaki na mambo matatu yaliyotokana nayo: mafuta tunayapima kwa kijiko, chai nakunywa bila sukari, na nusu ya sahani ni mboga. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, napanda mizani na kuandika namba kwenye kalenda ya ukutani. Namba moja haina maana, manake maji na chumvi huisogeza. Lakini ikikaa juu ya 68 kwa wiki mbili mfululizo, nitahesabu tena kwa siku 14, nione kilichoingia bila kubisha hodi, kisha niache. Hiyo ndiyo kanuni yangu, na naiona ni ya haki. Kuhesabu ni kama dozi: ina siku zake. Na ukiona kuhesabu kwenyewe kunakutia hofu ya chakula, kunakufanya ule kwa kujificha au usile kabisa, hapo hutakiwi kusubiri Jumamosi. Mtafute daktari.

Sijasema ni rahisi. Mwezi wa kwanza akili iliendelea kujumlisha yenyewe, nikiwa kitandani, taa imezimwa: uji, ndizi mbili, githeri, ile chapo. Bado hunijia siku nyingine. Uzito umecheza kati ya 65.9 na 67.2, na kila unapopanda nahisi ule mguu wa shangazi.

Mizani ya jikoni nimempa yeye. Siku hizi anajidunga insulini, na kwake kupima chakula ni sehemu ya dawa. Hana siku ya kufuta. Tulikaa naye alasiri nzima tukiandika orodha ya vyakula vya hapa kwetu kwenye daftari la shule, kila kimoja na wanga wake, kutoka majedwali yale ya 2018. Juzi alinipigia kuuliza kuhusu kipande cha nduma cha gramu 150. Nikamwambia ni karibu gramu 50 za wanga. Akauliza kama githeri tumeiandika. Nikamwambia hiyo nitakuja tuipime pamoja, sufuria kwa sufuria.