Laki Sita Zangu Zimebaki Njombe

Msomaji wangu, kama hujawahi kushuka kwenye basi Makambako saa tatu usiku, mwezi wa saba, umevaa fulana tu, basi upepo bado hujaujua. Mimi nilishuka hapo nikitokea Dar, zaidi ya kilomita 600, kiuno kinauma na roho imefura. Nilikuwa namfuata mtu.

Miaka miwili nyuma mshikaji niliyesoma naye sekondari alichukua laki sita zangu tufanye biashara ya viazi. Yeye anunue huko, mimi nipokee Dar. Viazi sikuviona, na yeye akayeyuka. Toka hapo hata nikiona chipsi nanuna, na Dar chipsi ziko kila kona! Mpaka demu wangu alinichoka, maana kila stori yangu inaishia kwenye laki sita.

Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA, ile tuliyojengewa na Wachina miaka ya 1970, inazunguka huko Kilombero halafu inakuja kukutana hapo na barabara kuu ya Mbeya. Na hapo hapo ndipo inapochepuka lami ya Njombe na Songea. Asubuhi nilikuta vijana wanapakia lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka mdomoni kisha yanavikwa kilemba juu, kilo 100 za sheria zinapitwa mbali. Mama muuza chai akanisalimia, "Kamwene!" Nikamweleza safari yangu. Akaniangalia.

"Na nauli umetumia ngapi, mwanangu?"

Nikapiga hesabu: basi, gesti, koti la mtumba nililonunua nikitetemeka. Laki na ushee ilishakwenda. Nikanywa chai kimya.

Njombe ni kama kilomita 60 kutoka hapo. Jamani, kule kuzuri! Vilima kwa vilima, miti ya miwati, misindano, mashamba ya chai, na siku hizi parachichi kila upande. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na tangu 2012 ni makao ya mkoa wake wenyewe, uliomegwa kutoka Iringa. Ukiongea, mvuke unatoka mdomoni kama unavuta sigara.

Jamaa nilimkuta bondeni, kwenye vinyungu, bustani zile za kumwagilia kiangazi. Viazi vyake vilikuwa vimeungua kwa baridi, majani meusi tii. Hakukimbia.

"Kaka, nilijua utakuja."

Akanieleza. Mzigo ulikwama njiani siku nyingi, ukaoza wote. "Nikaona aibu, nikabadili laini." Ile hotuba niliyoipanga tangu Kitonga, yenye matusi na polisi ndani yake, ikanikwama kooni. Shemeji akaleta viazi vya kuchemsha na chai. Ulanzi haukuwepo, wenyewe unagemwa masika.

Nilikuwa na ile karatasi aliyosaini, imechakaa kwa kukunjwa. Nikampa. "Kawashie jiko."

Usidhani ni ulokole au nina hela za kuchezea. Kodi ya chumba nadaiwa mpaka leo, na nikiwa barabarani kurudi mjini nilijuta kama mara mbili hivi. Lakini usiku ule nililala! Nilishtuka saa tatu asubuhi, basi la Dar lilishaondoka zamani.

Basi nikaenda zangu kwenye maporomoko ya mto Ruhuji, nikakaa juu ya jiwe, koti la mtumba limefungwa mpaka shingoni. Maji yanapiga kelele, watoto wanapita na kuni wananicheka. Nilikaa mpaka njaa ikaniuma, ndipo nikagundua kuwa tangu nifike pale sijaziwaza zile laki sita.

Nimerudi na debe la viazi alilonifungia. Jana nimekaanga chipsi mwenyewe, nikala sahani mbili.