Land Rover ya Marehemu na Swali la Mama

Kwa wiki tatu za mwezi wa Rajabu uliopita, hapakuwa na mazungumzo mengine nyumbani kwetu Bumbuli isipokuwa ya gari. Tulikuwa na shilingi milioni sita, akiba ya misimu miwili ya chai, mboga na matunda, na uani palikuwa na magari mawili yaliyozeeka. Fedha hizo zilitosha kulitengeneza moja tu ili liwe gari la familia: la kumpeleka mama hospitali, la kushusha mazao Soni, na la kuwatembeza watoto siku za Idd. Swali likawa: lipi? Tunayaandika yaliyotupata kwa sababu tunaamini zipo nyumba nyingi za Waislamu zenye swali kama letu, hata kama kinachobishaniwa huko si gari bali ni shamba, nyumba au cherehani.

Sisi tunaosema hapa ni ndugu wawili wa kiume tunaoishi ua mmoja, pamoja na wake zetu, watoto wetu saba na mama yetu mzazi. Dada zetu watatu wameolewa: mmoja yuko Vuga, wa pili Korogwe, na mdogo wao yuko mjini Tanga. Baba yetu alifariki miaka minane iliyopita, Allah amrehemu.

Gari la kwanza ni Land Rover 109 ya marehemu. Wasiojua hudhani kuwa tarakimu hiyo ni ya nguvu za injini. Kumbe ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita mbili na robo tatu. Urefu huo ndio unaoliwezesha kuwa na mabenchi nyuma na kubeba ukoo mzima, au kumlaza mgonjwa. Bodi lake ni la aluminiamu, kwa hiyo ukungu wa Usambara haulipatii kutu. Lakini chesisi ni ya chuma, na kutu haikuionea huruma. La pili ni Suzuki Samurai tuliyoinunua wenyewe miaka minne iliyopita. Injini yake ni ya petroli, ya lita 1.3, na uzito wake haufiki tani moja. Masika yanapoufanya udongo mwekundu wa njia za Mgwashi na Tamota uteleze kama sabuni, Suzuki hupita juu ya tope ambalo Land Rover hulizamia. Hata hivyo, ina nafasi ya watu wanne, na sisi ni kumi na wawili.

Vijana wetu walisimama upande wa Suzuki. Walikuwa wameona katika simu zao picha za magari ya namna hiyo, yaliyoinuliwa springi na kuvishwa matairi makubwa yenye meno, nao wakatamani letu liwe hivyo. Hatukuwakemea. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nahl aya ya 8, inapowataja farasi, nyumbu na punda, inataja kuwapanda na inataja pia pambo. Basi kupenda kipando kizuri si dhambi. Wake zetu walisimama upande wa Land Rover, kwa hoja isiyopingika kwamba mama mwenye shinikizo la damu hawezi kukunjwa katika kiti cha nyuma cha Suzuki. Jamaa mmoja akaleta rai ya tatu: tuuze yote mawili, tukope, tuagize Toyota Prado iliyotumika kutoka Japani. Rai hiyo haikudumu. Mkopo aliotuelekeza ulikuwa wa riba, na hesabu ya bandarini nayo ilitosha kututisha: ushuru wa forodha wa 25%, kodi ya ongezeko la thamani ya 18%, na nyongeza nyingine kwa gari lililochakaa.

Tukamwita fundi. Alilala chini ya kila gari kwa muda mrefu, akitoka na kurudi, kisha akatoa hesabu. Suzuki ingehitaji milioni tatu na nusu pamoja na mapambo yote ya vijana. Land Rover ingehitaji milioni tano na nusu: kuchomelea chesisi, kubadili springi, kufanya upya breki na kufungua injini, rangi, keria ya juu na winchi havimo. Akatuasa jambo moja ambalo tunalirudia kwa faida ya kila mwenye gari milimani: hapa kwetu watu hulisifu gari kwa kupanda, ilhali roho za watu hupotea katika kushuka. Anayeteremka kutoka Soni kwenda Mombo kwa kutegemea breki peke yake, bila kushusha gia, amezifanya breki zikabidhiwe kazi isiyo yao. Pesa ya kwanza, akasema, iende kwenye breki, pambo lisubiri.

Usiku ule tukakaa kikao cha familia baada ya swala ya Isha. Tulikwisha kukubaliana kwamba Land Rover ndiyo itakayotengenezwa, tukawa tunapanga siku ya kumpelekea fundi. Mama alikuwa kimya muda wote, tasbihi mkononi. Ndipo akauliza:

"Wanangu, hiyo Land Rover mnayotaka kuitengeneza ni ya nani?"

Mmoja wetu akajibu kwamba ni ya baba.

"Baba yenu yuko kaburini mwaka wa nane huu. Aliye kaburini hamiliki gari. Nauliza, ni ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Kadi ya gari ilikuwa bado ina jina la marehemu. Tangu siku ya arobaini tumeliendesha, tumebebea kabichi na viazi, tumelipwa nauli, na hakuna aliyesimama akasema kwamba mali hii igawiwe. Hatukukusudia dhulma. Tulichukua tu desturi tuliyoikuta: kwamba vitu vya baba hubaki kwa wanaume walio nyumbani, na binti aliyeolewa ameshakwenda kwao. Dada zetu walipotutembelea tuliwarudisha kwa gari lile lile hadi Soni, tukajiona wakarimu. Kumbe tulikuwa tukiwapakia katika kitu chao.

Asubuhi yake tukamwendea imamu wetu. Alitukumbusha mpangilio tunaousikia msikitini kila siku na kuudharau majumbani: mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Akatusomea Suratun-Nisaa aya ya 7, ambayo inathibitisha fungu la wanaume na fungu la wanawake katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kichache au kingi, kisha akashuka hadi aya ya 11 na ya 12. Marehemu aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake walimtangulia. Mama ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Sehemu saba zilizobaki hugawiwa watoto, mwanamume akipata sawa na wanawake wawili. Kwa hiyo kila binti ana sehemu moja, na kila mmoja wetu ana sehemu mbili. Fundi na mnunuzi mmoja wa magari walikuwa wamelikadiria gari, kama lilivyo, kuwa na thamani ya shilingi milioni nane. Hesabu ikawa nyepesi kiasi cha kututia aibu: milioni moja ya mama, milioni moja kwa kila dada, na milioni mbili mbili zetu. Nusu kamili ya gari tuliloliita letu haikuwa yetu.

Tulishughulikia pia upande wa serikali. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mirathi ya Kiislamu. Tulipeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia, tangazo likabandikwa, na mkubwa wetu akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Bila uteuzi huo kadi ya gari isingebadilishwa jina. Wenye kuahirisha jambo hili kwa kuogopa mahakama wajue kwamba ugumu wake huongezeka kila mwaka unaopita, maana mashahidi hufa na karatasi hupotea.

Kisha tukawaita dada zetu, nao wakaja wote watatu. Tuliwaeleza hesabu, tukawaomba radhi. Mdogo wao wa Tanga alisema bila kuzunguka kwamba ana ada za watoto na anaihitaji haki yake. Wa Korogwe akakubali kulipwa. Lakini dada yetu mkubwa, wa Vuga, aliinamisha kichwa akasema, "Mimi kaka zangu nimewasamehe. Tengenezeni gari." Tukafurahi, tukataka kuitikia amina. Mama akatuzuia.

"Mpeni kwanza mkononi. Akishaishika, akitaka kuwarudishia, ni hiari yake."

Tukampa. Dada akazihesabu, akazifunga katika ncha ya kanga, akaondoka nazo. Mwezi uliofuata tukasikia kwamba amenunua mtamba. Hakuturudishia kitu, wala hatukustahili kutarajia. Tuliyajua hapo maana ya maneno ya mama: msamaha wa mtu ambaye hajakabidhiwa haki yake mara nyingi ni haya tu iliyovaa nguo ya ukarimu. Dada yetu hakuwa amesamehe. Alikuwa ameona soni mbele ya kaka zake. Na ni mabinti wangapi Usambara, pwani na bara, ambao nduguze wameishi juu ya msamaha wa namna hiyo hadi wakazikwa nao?

Lilibaki suala la nauli na manufaa ya miaka minane. Tulikadiria kwa uaminifu tulivyoweza, tukawaeleza mama na dada zetu. Wote wanne walitusamehe, na safari hii tuliupokea msamaha kwa moyo mtulivu zaidi, kwa kuwa waliutoa wakiwa wameshashika haki yao nyingine.

Katika zile milioni sita tukabakiwa na mbili. Ndipo tulipoweza kuchagua gari kwa haki, na uchaguzi haukutaka tena wiki tatu. Suzuki, ambayo ni yetu sisi wawili peke yetu, tuliiuza kwa milioni tatu. Vijana walinuna, na hatukuwalaumu. Land Rover ilipata breki mpya, springi, matairi na chesisi iliyochomelewa. Injini haijafunguliwa, bado inatoa moshi mlimani, na majirani hutujua tunakuja kabla hatujafika. Rangi ni ile ile aliyoiacha marehemu. Winchi tumeisahau.

Siku ya Idd el-Adh'ha dada zetu walikuja na watoto wao. Baada ya swala na kuchinja tulipakia waliotosha, tukawarudia wengine kwa safari ya pili, kwenda kuutazama msitu wa Mazumbai, ule unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Sokoine. Tulisoma dua ya kipando, watoto wakiitikia. Wajomba na shangazi wale hawakuwa wageni ndani ya gari safari hii. Kila mmoja alikuwa amekwisha kulipwa chake.

Hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Sahih Muslim, inatufunza kwamba mwenye kipando cha ziada amfae nacho asiye nacho. Tumeweka nia kwamba mabenchi ya nyuma, usiku wowote, ni ya jirani mwenye mgonjwa au mke mwenye uchungu wa uzazi, naye halipishwi. Nia hiyo tusingethubutu kuiweka zamani, kwa sababu mtu hutoa sadaka katika kilicho chake.

Basi tunawausia wenzetu: mnapokaa kushauriana kuhusu gari la kununua, kuuza au kutengeneza, msianze na springi wala matairi. Itazameni kadi. Ikiwa ina jina la mtu aliyetangulia mbele ya haki, waiteni kwanza waliorithi pamoja nanyi, wanaume na wanawake, walio karibu na walio mbali. Fundi atawasubiri.

Allah amrehemu baba yetu na wazee wetu wote, atusamehe tuliyoyala bila kujua na tuliyoyala tukijua, na atujaalie mali iliyo safi. Amin.