Cheptiret, ambako harusi ya mahindi huamua ugali wako

UKIABIRI matatu mjini Eldoret kuelekea Nakuru, hutakawia kufika Cheptiret. Ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu, mahali ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi hukata kona kuelekea bewa kuu la Kesses. Wasafiri wengi hupita hapo wakisinzia. Lakini ukijaliwa kupita mwezi wa Julai, fumbua macho. Utaona mashamba ya mahindi yaliyokipita kimo cha mtu, na juu ya kila bua pamechomoza kitu mfano wa ufagio.

Ufagio huo ni ua. Huenda ukashangaa, kwani ua hilo halina rangi za kupendeza wala manukato. Hata hivyo, siku chache za kuchanua kwake ndizo huamua iwapo mkulima wa Cheptiret atavuna magunia au mabua, na iwapo wewe mkazi wa mjini utapata unga kwa bei nafuu.

Kutoka bustani hadi shambani

Ili kulielewa ua la mahindi, anza na bustani iliyo nyuma ya jikoni. Chuma ua la maharagwe ulipasue taratibu. Nje mna sepali za kijani zilizolifunika lilipokuwa changa, kisha petali. Ndani mna stameni, yaani sehemu ya kiume inayobeba vumbi liitwalo chavua. Katikati kabisa mna sehemu ya kike: stigma inayopokea chavua, na chini yake ovari yenye ovuli ambazo baadaye huwa mbegu. Kwa kuwa vyote viko pamoja, kwa kawaida haragwe hujichavusha lenyewe.

Maboga nayo yana desturi nyingine. Mmea mmoja huzaa maua ya kiume na ya kike mbalimbali. La kike utalitambua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Nyuki wasipolitembelea, kiboga hicho hunyauka na kuanguka.

Mahindi pia yametenganisha mume na mke, lakini mshenga wao si nyuki bali upepo. Ule ufagio wa kileleni, yaani mbelewele, ndio mume, nao humwaga mamilioni ya chembe za chavua. Mke yuko katikati ya bua, amejifunika maganda, na ametoa nje ndevu zake laini.

Uzi mmoja, punje moja

Ndevu hizo, msomaji, si pambo. Kila uzi umeunganishwa na ovuli moja, na kila ovuli inaweza kuwa punje moja. Chembe ya chavua ikinasa juu ya uzi, huchipuza mrija mwembamba unaoteremka ndani ya uzi huo na kuifikia ovuli kwa muda wa siku moja hivi. Mrija huo hubeba mbegu mbili za kiume. Ya kwanza huungana na yai na kuwa kiinitete, yaani mche wa kesho. Ya pili huanzisha ghala la chakula cha mche huo. Siri hii iligunduliwa na Mrusi Sergei Nawaschin mwaka wa 1898. Ghala hilo ndilo linalosagwa na kusongwa ugali.

Je, uzi ukikosa chavua? Punje haiwi, na hindi hubaki na mapengo kama kinywa cha kibogoyo. Jua likiwa kali wakati wa kuchanua, ndevu hukawia kutoka na kukuta chavua imekwisha. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa nchini mwaka wa 2017, nao huzitafuna ndevu na mbelewele. Wakati huo mkulima amekwisha kulipia trekta, mbegu na mbolea, na karo ya Januari inamngoja.

Mkulima anaweza kupima bahati yake mapema. Siku chache baada ya ndevu kutoka, hulimenya hindi moja polepole na kulitikisa. Ndevu zilizokwisha kufanya kazi huanguka. Zinazong'ang'ania bado hazijapata mume.

Watafiti nao hutumia elimu hii. Kitale, mwaka wa 1964, mbegu chotara ya H611 ilitolewa baada ya kuoanisha mahindi ya huko na mengine ya kutoka Ecuador. Hadi leo, katika mashamba ya kuzalisha mbegu chotara, mbelewele za mistari ya kike hung'olewa kabla hazijamwaga chavua, ili mistari ya kiume pekee ndiyo izae nayo. Mkulima akihifadhi punje za chotara na kuzipanda tena, watoto hawafanani na wazazi na mavuno hupungua. Ndiyo sababu yeye hurudi dukani kila msimu.

Basi, mzazi, ukinunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara, waambie watoto wahesabu mistari ya punje. Karibu kila mara watapata idadi isiyo witiri: 12, 14 au 16. Kisha watafute mapengo. Watajua wenyewe kwamba hapo palikuwa na uzi uliongojea upepo wa Cheptiret, na upepo usifike.