Siasa za ofisi ndani ya programu

Kuna somo ambalo chuoni hatukufundishwa. Tulifundishwa kuchora mtiririko wa kazi: visanduku, mishale, basi. Hatukuambiwa kwamba kila kisanduku kina mwenyewe, na mwenyewe ana kiti anachokilinda.

Tazameni IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali ya Kenya ulioanza kutumika mwaka 2003. Baada ya ugatuzi wa 2013, kaunti nazo, ikiwemo hii yetu ya Kakamega, ziliingizwa humo. Utaratibu wake ni mzuri: mmoja anaandaa malipo, mwingine anaidhinisha, kila mtu na nywila yake. Lakini mwaka 2015, katika sakata la NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, afisa mmoja wa ngazi ya juu alisema nywila yake ilitumiwa na wengine kupitisha malipo ya shilingi milioni 791. Tarakilishi haina lawama. Ilipewa nywila sahihi, ikafungua mlango. Inajua jina la mtumiaji tu, haijui ni nani aliyekaa kitini.

Siasa nyingine ni ndogo zaidi. Hapa mjini niliwahi kuiundia ofisi moja programu ya kuagiza vifaa kutoka stoo. Kwa karatasi, ombi lilipita kwa watu watano. Mkurugenzi akaamua wabaki wawili. Mzee wa stoo akaniita kando: "Kijana wangu, sasa hawa watanitafuta kwa lipi?" Baada ya wiki mbili karatasi zilikuwa zimerudi, na tarakilishi ikawa ya kujazwa jioni, kazi ikiwa imekwisha.

Sahihi ya mzee haikuwa imezuia wizi wowote. Ilichofanya ni kuwapandisha wakuu wa idara ngazi hadi mlangoni kwake. Basi tukampa kazi yenye maana: yeye ndiye anayepanga kiwango cha chini cha kila kifaa, na kikipungua, programu inamwarifu yeye kwanza. Karatasi zikaisha.

Siku hizi, kabla ya kuandika msimbo, nauliza maswali mawili. Hatua hii inalinda nini? Tukiifuta, nani anapoteza nini? Inayolinda fedha haiguswi, hata bosi akinuna. Inayolinda heshima ya mtu, mtafutieni heshima nyingine kwanza, ndipo muifute.