Umekuwa wa Ngapi?

Kila mwanzoni mwa Juni, shule za msingi zinapofungwa, kuna swali moja linalosafiri Tukuyu kuliko magari yote ya Mbeya na Kyela. Huulizwa stendi, huulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, huulizwa mlangoni mwa duka, na aghalabu huulizwa na watu ambao hawajapata kumwona mtoto huyo akifungua kitabu: "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto hujibu kwa namba mbili, yake na ya darasa. Wa tisa kati ya 96. Namba ikiwa ndogo hupewa andazi au shilingi mia tano. Ikiwa kubwa hutazamwa kwa huruma iliyo jirani na dharau. Sijapata kumsikia mtu akiuliza swali la pili.

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wake wa miaka mingi wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Lakini orodha iliyokoma kusomwa mbele ya waandishi wa habari haikung'oka kwenye mlango wa darasa huku Rungwe, ambako majina bado hupangwa kutoka juu hadi chini na kila mzazi aonaye karatasi ile hujua mahali pa kuanza kutafuta jina la mwanawe.

Ninalotaka kulisema ni hili: muhula wa shule ya msingi tunaupima kwa kile ambacho mwalimu amekimaliza, na mtoto tunampima kwa nafasi aliyoishika. Katikati ya vipimo hivyo viwili, kile ambacho mtoto amejifunza hasa hakina mahali pa kuandikwa. Azimio la kazi hueleza mada ya kila wiki. Andalio la somo hueleza kipindi kitakavyokwenda. Shajara ya somo huthibitisha kwamba kilikwenda. Mthibiti ubora wa shule akifika, hivyo ndivyo anavyovidai mezani. Vyote ni habari za mwalimu.

Mwezi Juni nilikaa majuma mawili kwa dada yangu, katika kijiji kilicho chini ya mlima Rungwe. Binti yake ana umri wa miaka kumi na yuko darasa la nne katika shule ya serikali ambayo sitaitaja, kwa kuwa haina upungufu wowote ambao jirani zake hawana. Nilimwomba madaftari yake ya muhula mzima. Akayaleta yamefungwa kwa kamba ya mgomba, huku akinitazama kama mtu anayepekuliwa. Kusoma maandishi ya wanafunzi ndiyo kazi inayonipa mshahara, nikayasoma vile ambavyo ningesoma tasnifu: tarehe kwanza.

Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, na muhula mmoja ni kama nusu yake. Katika daftari la Hisabati, somo ambalo lingestahili kuonekana karibu kila siku, nilihesabu tarehe 58. Juma la pili la Februari lina siku mbili tu. "Mwalimu aliitwa semina, mjomba." Machi kuna pengo la siku nne. "Tulikuwa tunabeba mawe ya choo." Aprili haina mapengo, lakini ina jambo jingine: kurasa ndefu za maandishi yaliyonyooka, bila swali hata moja, bila kosa hata moja.

Hiyo ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili mbingu hazina breki. Kalenda ya shule hutungwa kwa nchi nzima, kwa Dodoma inayosubiri mvua na kwa Rungwe inayosubiri jua, siku zile zile. Darasa la mpwa wangu limeezekwa kwa bati lisilo na dari. Mvua ikianza, sauti ya mwalimu huishia dawati la pili. Afanyeje? Hugeuka ubaoni akaandika, na watoto 96 wakanakili. Baadaye mwalimu hupita akiweka alama ya vema. Anayesoma daftari lile bila kuijua Rungwe angesema Aprili ndio mwezi uliofundishwa vizuri kuliko yote.

Jioni moja alikuja mtoto wa jirani, wa darasa lile lile, naye akataka daftari lake litazamwe. Mwandiko wake ulinistaajabisha. Herufi zimelalia upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo. Ukurasa ulihusu mmomonyoko wa udongo. Nikamwomba anisomee. Alisoma mistari mitatu bila kukwama, kwa sauti ya mwalimu wake kabisa, na macho yake yalikuwa ukutani. Nikaweka kidole kwenye neno moja la mstari wa nne: udongo. Kimya. Akamtazama mpwa wangu. Mpwa wangu akanong'ona. "Udongo," akasema yule mtoto kwa furaha.

Amekuwa wa 41 kati ya 96. Kwa hesabu ya kijiji hayuko vibaya, ana watu 55 nyuma yake.

Je, hajajifunza kitu kwa muhula mzima? Amejifunza kunakili bila kukosea. Amejifunza kukariri kwa sikio, kukaa jirani na anayejua, kukisia herufi katika maswali ya kuchagua, na kutoonekana. Hayo si mambo madogo. Ninaamini kusoma kungemgharimu akili pungufu ya aliyoitumia kuficha kwamba hajui kusoma.

Tatizo hili si geni. Kwa zaidi ya muongo mmoja wahoji wa Uwezo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwa na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na kila mara wamekuta watoto wengi wa madarasa ya juu zaidi wasioweza kuisoma. Mwaka 2015 Serikali ilijibu kwa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK, kwa darasa la kwanza na la pili. Ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini mtoto aliyeyavuka madarasa hayo mikono mitupu huingia la tatu, ambako mtaala unamdhania kuwa tayari anazo. Katika azimio la kazi la darasa la nne hakuna juma lililoandikwa: mfundishe huyu kusoma.

Nirudi kwa mpwa wangu, kwa sababu kwake niliona jambo ambalo limeninyima usingizi kuliko hilo la jirani.

Kila alfajiri, kabla ya shule, hupeleka maziwa ya bibi yake kwenye kituo cha kukusanyia. Nilimsindikiza mara nne. Mpokeaji huchukua maziwa kidogo, akatumbukiza laktomita, akatazama inavyoelea. Mpwa wangu akanieleza bila kuulizwa: "Ikizama sana, mjomba, yametiwa maji. Maji ni mepesi kuliko maziwa." Alinieleza pia kwamba kuna mama mmoja alirudishiwa kidumu chake mbele ya watu wote, na tangu hapo mama huyo huja akiwa wa kwanza kabisa, kabla foleni haijawa ndefu. Kisha ikaja hesabu. Lita saba, bei shilingi 900. Hakuandika popote. "Lita kumi ni elfu tisa. Ondoa lita tatu, elfu mbili na mia saba. Elfu sita na mia tatu." Mpokeaji akaandika 6,300 kwenye kitabu chake, bibi akashukuru kwa mbali, "ndaga fijo", na mtoto akakimbilia shule.

Sasa fungua daftari la Hisabati, ukurasa wa mwezi Mei. Swali la sita: 7 × 900. Jibu lake: 630. Kosa, kwa wino mwekundu.

Nilimwonyesha. Akalitazama swali lile kama mtu anayetazamishwa picha ya nduguye asimtambue. Nilipomwambia kwamba hayo ni maziwa ya bibi, alicheka, akadhani ninamtania. "Hiyo ni Hisabati, mjomba."

Fungua tena la Sayansi: hakuna mahali ambapo kuelea na kuzama kumegusana na laktomita. Fungua la Historia ya Tanzania na Maadili: kuna maana ya uaminifu, imenakiliwa vizuri na kuwekewa vema, na chini yake faida tatu za uaminifu. Yule mama wa kidumu hayumo. Kwa hiyo katika muhula mmoja mtoto huyu amejifunza uzito wa vimiminika, uzidishaji na maadili, yote kabla ya saa moja asubuhi, kisha akaenda shuleni kujifunza kwamba hayajui.

Wapo waliokwisha kuliona jambo hili kwingine. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wa watoto watano wachuuzi wa Recife, nchini Brazil, wenye umri kati ya miaka 9 na 15. Kwenye biashara zao, mbele ya nazi na machungwa, walipata asilimia 98.2 ya majibu sahihi. Hesabu za namna ile ile zilipowekwa kwenye karatasi, namba tupu bila nazi, wakapata asilimia 36.8. Ninawafundisha wanafunzi wa shahada matokeo hayo kila mwaka, na kila mwaka huyaandika vizuri sana katika mtihani. Baadhi yao sasa ni walimu.

Kuna na hazina ya hapa hapa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliandika mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Mvulana akifikia miaka kumi hivi alitoka nyumba ya baba yake akaenda kujenga kibanda na wenzake wa rika, ingawa bado alikula kwa mama. Kiini cha utaratibu ule kilikuwa ukwangala, kufurahia kuwa pamoja na kuongea na wenzako, na wazee waliamini kwamba busara hupatikana humo, katika mazungumzo ya walio sawa. Siipambi zamani; wasichana hawakujengewa kijiji, wao waliposwa wangali wadogo. Lakini hebu tazama darasa la nne la leo. Ni kijiji cha marika kwelikweli: watoto 96 wa miaka kumi, mchana kutwa, chini ya paa moja. Na kiranja ana karatasi ya kuandika wapiga kelele. Kuongea na mwenzako kuna fimbo. Tumewakusanya watu wa rika moja kwa wingi ambao mababu wasingeuota, kisha tukaharamisha kitu pekee ambacho rika hulifanya vizuri.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, si chumba cha kusubiria sekondari, kwa kuwa wakati ule ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi waliotarajiwa kupata nafasi huko. Leo milango ya sekondari imepanuliwa, na Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita yake ikiwa ya msingi. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024, akiwamo mpwa wangu, ndio kundi la kwanza litakaloishia la sita, mwaka 2027. Sina ugomvi na hilo. Ila mtoto wa jirani naye yumo katika kundi hilo, amepunguziwa mwaka mmoja wa kujifunza kusoma, na mlango anaousogelea unafunguka kwa Kiingereza.

Nilikutana na mwalimu wao shambani kwake, akichimba viazi vya likizo. Ni mwalimu mzuri. Anawajua watoto wote 96 kwa majina, na makosa ya daftari lile yalikuwa yamesahihishwa kwa mkono wake mwenyewe. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa 96, kila mtoto hupata sekunde 25. Akitumia dakika mbili kwa kila daftari, ni zaidi ya saa tatu kwa somo moja, na ana masomo manne.

"Daktari, wewe una wanafunzi wangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia, mia tatu na kitu.

"Lakini wako wanajua kusoma."

Sikumweleza yote ninayoyafahamu kuhusu hilo.

Nilikuwa na pendekezo, nikalitoa. Mwishoni mwa kila muhula, kila mtoto asimame peke yake, asome kwa sauti aya moja ambayo hajapata kuiona, kwa dakika moja. Watoto 96 ni dakika 96, pungufu ya vipindi vitatu katika nusu mwaka. Matokeo yasibandikwe mlangoni. Aambiwe mzazi, na yaandikwe kwenye shajara pale panapoandikwa mada zilizokamilika. Ikibidi, mada moja ya mwisho isimalizwe.

Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Vipindi vitatu ninavyo," alisema. "Na wasiojua kusoma ninawajua bila kuwapima, ni kama thelathini. Nikishawaandika, Jumatatu ninafundisha nini? Azimio linasema sehemu."

Shule zimefunguliwa Julai. Mvua zimekwisha, Tukuyu ni baridi na ukungu, na sauti ya mwalimu sasa inafika dawati la mwisho. Mpwa wangu ameniambia kwa simu kwamba wameanza sehemu.